Linatabasamu

Kwenye karatasi zangu za usiku ule kulikuwa na mstari mmoja nilioupigia duara kwa wino mwekundu: "Badilisha ngeli hapa." Wachezaji wanne walikuwa mbele yangu, dadu zao zimepangwa, na wahusika wao walikuwa wameketi kwenye kibanda cha bibi kizee katikati ya msitu, kila mmoja na kikombe cha maji mkononi. Nilisimulia taratibu. Bibi anazunguka meza. Anawatazama mmoja mmoja. Anamwambia mwizi: na wewe, mwanangu, mbona hunywi? Mwizi anakisukuma kikombe kando. Bibi anakitazama kile kikombe.

Nikanyamaza kidogo, kisha nikasema: "Linatabasamu."

Aliyecheza kuhani alirudisha kiti nyuma. "Umesema nini?"

"Nimesema, linatabasamu."

Hakuna aliyeshika dadu. Hakuna aliyeuliza lina pointi ngapi za uhai. Kwa muda ambao mimi niliuona mrefu sana, watu wazima wanne walikaa kimya wakiangalia vikombe ambavyo havikuwepo mezani.

Kama hujawahi kucheza michezo hii: mmoja wetu ni msimuliaji, wengine kila mtu ana mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi, na jambo lolote lenye mashaka huamuliwa kwa dadu, mara nyingi ile ya pande 20. Msimuliaji ndiye anayeleta madubwana. Vitabu vya mchezo vinayo mamia, yamechorwa na kupimwa tayari, na ungeweza kucheza miaka bila kutengeneza hata moja la kwako. Mimi hutengeneza yangu, na sababu yake ni trol, aina ya zimwi la hadithi za Kizungu.

Katika mchezo wa Dungeons & Dragons trol hujiponya. Kwa kanuni za toleo la 2014 hurudishiwa pointi 10 za uhai kila zamu yake inapoanza, isipokuwa ameunguzwa kwa moto au asidi. Hebu fikiria kundi lililokutana naye mara ya kwanza, bila kujua. Wanamkata, anaunga. Wanamkata tena, anaunga tena. Mtu anaangusha mwenge kwa bahati mbaya na ghafla wote wanaona njia. Usiku kama huo hausahauliki. Lakini leo ukitamka neno trol, mtu anawasha mwenge kabla hujamaliza sentensi. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mezani mambo yamegeuka: zimwi tulijualo ndilo lisiloweza kutula hata kidogo, maana tumelisoma likaisha.

Kwa hiyo nilianza kutengeneza, na nilianzia mahali ambapo karibu kila mtu huanzia, yaani kwenye nguvu.

Dubwana langu la kwanza lilikuwa na vichwa vitatu na mbinu 11. Nilikaa nalo wiki mbili. Kichwa kimoja kilitema moto, cha pili kilipofusha, cha tatu kilisema lugha za wafu. Mkia ulikuwa na sumu, mabawa yaliangusha watu, damu ilichoma silaha iliyolikata. Nikalipa pointi 60 za uhai, kwa sababu 60 ilionekana nyingi. Lilikufa raundi ya pili.

Hesabu yake nimeirudia mara nyingi. Mhusika wa ngazi ya 5 huongeza kama 7 kwenye dadu yake ya shambulio. Dhidi ya kinga ya 15, yaani namba ambayo jumla yake lazima iifikie, anahitaji kupata 8 au zaidi, yaani nafasi 13 kati ya 20, ambayo ni asilimia 65. Pigo lake likiwa na wastani wa madhara 10, kila shambulio moja lina thamani ya 6.5. Watu wanne, mpiganaji akipiga mara mbili, ni mashambulio matano kwa raundi: 32 na nusu. Pointi 60 haziwezi kuvuka raundi ya pili. Dubwana langu lilipata zamu mbili za kutumia mbinu 11, kwa hiyo tisa zilikufa nalo bila kuonwa na mtu. Tulipokuwa tunakusanya dadu, mmoja wao aliniuliza kwa upole kabisa, "Lile lilikuwa joka, sivyo?"

Swali lile liliniuma kuliko kushindwa kwenyewe. Wiki mbili za kazi, na mtu aliyepigana nalo hakujua ni nini.

Suluhisho la haraka ni jedwali. Kitabu cha mwongozo cha msimuliaji cha 2014 kinalo: dubwana la ugumu wa 5 lipewe kinga ya 15, uhai kati ya 131 na 145, na liweze kutoa madhara ya 33 hadi 38 kwa raundi. Jedwali hilo ninalo mpaka leo na nalitumia kila mara. Ila ni kama futi ya fundi cherehani. Inakupa kipimo cha kifua na cha mkono. Haikuambii nguo ni ya harusi au ya msiba.

Jibu nililikuta kwenye kisa cha vinyago. Gary Gygax, aliyeandika mchezo huo pamoja na Dave Arneson ukatoka 1974, alikuwa amenunua pakiti ya vinyama vya plastiki vya bei rahisi vilivyotengenezwa Hong Kong, vya kuchezea mezani. Vilikuwa na maumbo ya ajabu, havifanani na mnyama yeyote. Kimojawapo kilikuja kuwa yule dubu mwenye kichwa cha bundi. Kingine, chenye mkia ulioishia kama pangaboi, kikawa mdudu wa kutu.

Mdudu wa kutu nampenda sana. Mwili wako hana haja nao. Anachotaka ni chuma: akikigusa kwa vipapasio vyake kinaoza, naye anakula kutu. Mpiganaji ambaye angemkabili jitu la futi 12 bila kupepesa anapanda juu ya meza akimwona mdudu huyu, kwa sababu jeraha hupona kwa kulala usiku mmoja na deraya ya chuma iliyooza hairudi. Mdudu huyu anapita mwili wa mhusika na kuigusa karatasi ya mchezaji. Mtu anachukua raba na kufuta kitu alichokitafuta kwa miezi sita. Niliposikia kisa kile na kumtazama upya mdudu, niliacha kujiuliza dubwana linaweza nini. Nikaanza kujiuliza: mchezaji akilikuta, itambidi aamue nini ambacho jana hakuwa anaamua?

Ndipo nikatengeneza Mkarimu.

Nilianza na kanuni moja tu, nikaiandika juu ya ukurasa mtupu: haliwezi kumdhuru mtu ambaye hajapokea kitu kutoka kwake. Mbinu nyingine sikuipa nafasi. Kila kitu kingine kilipaswa kuota kutoka kwenye mstari ule, na kisichoota nikitupe. Linataka nini? Linataka kudaiwa na kila mtu. Linaishi wapi? Karibu na njia, ambako wasafiri huishiwa. Lina sura gani? Ya mtu yeyote ambaye ungepokea kitu kwake bila kufikiri, kwa hiyo bibi. Linapiganaje? Linagawa.

Hapo kwenye kupigana ndipo nilipopata kilichonifurahisha kuliko vyote. Tatizo la dubwana moja dhidi ya watu wanne ni kwamba wao wanatenda mara nne na zaidi huku lenyewe linatenda mara moja. Kanuni za 2014 zinaziba pengo hilo kwa kuyapa madubwana makuu, kama majoka ya kale, vitendo vitatu vya ziada kila raundi, kila kimoja mwishoni mwa zamu ya mtu mwingine. Nilichukua vitendo vile vitatu nikavigeuza kuwa zawadi. Mwisho wa zamu yako Mkarimu linakunyooshea kitu na kusema neno moja: "Shika." Na kitu chenyewe ni cha kweli. Dawa inaponya. Upanga unakata kuliko wako. Ukipokea, unafaidika papo hapo, na mlango wa kukudhuru unafunguka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu zake iko mikononi mwa wachezaji, na wao wanalijua hilo wakati mkono wao unanyooka.

Majaribio ya kwanza niliyafanya na marafiki wawili, wahusika wawili kila mmoja. Hawakupokea chochote. Walisimama mbali, wakarusha mishale, likafa, nasi tukatazamana. Kanuni yangu ilikuwa na tundu: mwenye kukataa kila kitu alikuwa salama kabisa, na kukataa kulikuwa rahisi mno. Nilijaribu kuziba kwa kuongeza makucha, sumu na uchawi wa kulazimisha, nikajiona narudi kwenye vichwa vitatu. Nikafuta vyote. Niliusoma tena mstari wa juu na safari hii nikasimama kwenye neno "kitu". Maji yaliyokwisha kunywewa hayarudishwi. Na je, aliyeonyeshwa njia hajapokea?

Basi nikaweka, mwanzo kabisa wa safari, mwanamke mwenye mzigo wa kuni, Mkarimu kwa sura nyingine, anayewaelekeza kundi mahali pa kuvukia mto. Nilimpitisha haraka kwa sentensi mbili, na wote wanne walimshukuru.

Huo ungekuwa ujanja mchafu kama nisingetoa ishara, na hapa nina msimamo mkali. Dubwana linaloua kwa siri isiyoweza kugunduliwa halina thamani yoyote mezani. Mchezaji akifa lazima aweze kurudi nyuma kichwani mwake na kuona pale alipopita ishara. Mimi hutoa tatu kwa kila siri, kwa sababu moja haitasikika na ya pili itaeleweka vibaya. Kwa Mkarimu, ya kwanza ilikuwa mkata magogo aliyekutwa amekufa njiani, ngumi imekaza kijiko cha fedha ambacho hakikuwa chake. Ya pili, mlinzi wa daraja aliyekataa sarafu ya ushuru: "Siku hizi sipokei. Piteni." Ya tatu ilikuwa neno lililochongwa kwa kisu nyuma ya mlango wa kibanda, upande wa ndani: RUDISHA. Kijiko walikiuza. Kuhusu mlinzi walicheka. Mlango waliuona wakiwa tayari wameketi.

Zaidi ya ishara hizo tatu nilikuwa na ya nne, na hiyo ndiyo ile ya wino mwekundu.

Vitabu vingi vya michezo hii vimeandikwa kwa Kiingereza, na kwa miaka nilikuwa nikisoma kwa lugha moja na kusimulia kwa nyingine, nikitafsiri kichwani. Nilikuwa nasema "kiumbe wa kutisha anatokea gizani" na watu wanatikisa vichwa. Halafu siku moja nilijisikia nikisimulia bila kitabu, na nikagundua kwamba hofu ya lugha yetu haikai kwenye vivumishi. Inakaa kwenye ngeli.

Angalia majina tu. Nyoka anatambaa, joka linatambaa. Mtu anasimama, jitu linasimama. Kiumbe mwenye uhai kwa kawaida tunampa A-WA, hata siafu, hata kuku. Ukimtoa mtu kwenye A-WA umemvua kitu, na kila msikilizaji anasikia kimevuliwa, hata kama hajui jina la ngeli yenyewe. LI inamtanua na kumfanya wa kuogopwa. KI inamnyausha: kijitu kinachochungulia mlangoni hakina ukubwa, lakini kina kitu kibaya ndani yake. Nilikuwa na dubwana lingine ambalo lilikuwa chumba chenyewe, na nililisimulia kwa ngeli ya mahali: "Pale kwenye kona panapumua." Sikutumia ile ya ndani, kwa kuwa "humu mnapumua" wangesikia nawazungumzia wao. Mambo madogo kama hayo nayaandika kando ya ukurasa sasa, pamoja na kinga na uhai, kwa sababu yana uzito uleule.

Jina pia lilinisumbua. Nilijaribu Jikarimu, na mtu angelijua ni baya kabla ya kukaa. Nikaliacha Mkarimu, jina la sifa, lenye M ya watu, na vitenzi vyake nikavihamisha taratibu. Kibandani bibi anafungua mlango, anamimina maji, anauliza safari. Kila kitenzi kina A yake. Na mara ya kwanza mtu anapokataa, A inaanguka.

Ukitaka kujaribu, ushauri wangu ni usiirudie mapema. Mara moja, halafu nyamaza.

Namba zake hazikunichukua jioni nzima. Kinga 15, uhai 138, na ukikumbuka ile 32 na nusu kwa raundi utaona kwamba linafika raundi ya tano likiwa hoi, jambo ambalo ndilo nililotaka, maana zawadi zinahitaji muda wa kushawishi. Madhara yake niliyaweka 35 kwa raundi. Mchawi wa ngazi ya 5 ana uhai wa pointi 30 na kitu, kwa hiyo ghadhabu yote ikimwangukia yeye peke yake analala chini. Kitu kimoja nilikiazima kutoka kanuni za msingi za 1981, ambazo zilimpa kila adui namba ya ujasiri kuanzia 2 hadi 12: unarusha dadu mbili za pande sita, na jumla ikizidi namba hiyo linakimbia au linasalimu amri. Nasikitika kwamba madubwana mengi ya siku hizi hupigana mpaka kufa bila sababu. Mkarimu nililiwekea 6. Uhai ukifika nusu narusha, na kuna nafasi 21 kati ya 36 kwamba linaondoka zake. Haliondoki limeshindwa. Madeni yanabaki, nalo lina subira.

Kuhusu madeni: asiyeweza kurudisha alichopokea anaweza kulipa kwa kitu chake mwenyewe, lakini kiwe kitu ambacho kutoka kwake kunauma. Hapo nilikuwa nimemkumbuka mdudu wa kutu.

Usiku ule wa vikombe, ilipofika raundi ya tatu, mpiganaji alikuwa ameshautupa upanga wa zawadi miguuni pa Mkarimu na kuchukua wake wenye mapengo. Kuhani alikuwa amelala sakafuni. Mwizi, ambaye hakunywa hata tone na alikuwa na uhakika kwamba haguswi, alipigwa mara ya kwanza na akapaza sauti kwamba si haki, yeye hakupokea chochote. Sikumjibu. Nilimtazama tu, na nikaona uso wake ukirudi nyuma, kibandani, darajani, kwa mkata magogo, mpaka mtoni. "Mwanamke wa kuni," alisema. "Tulimshukuru."

Zamu ilikuwa ya mchawi, mwenye pointi nne za uhai. Maji alikuwa ameyanywa yote. Hakurusha kombora wala hakukimbia. Aliigeuza karatasi yake upande wa nyuma, ule ambao hakuna anayeusoma baada ya siku ya kwanza, na akauliza kama kilichoandikwa pale ni mali yake.

Pale aliandika, miezi mingi iliyopita, mistari mitatu kuhusu dada wa mhusika wake: jina lake, wimbo aliokuwa akimwimbia, na ahadi kwamba siku moja atamtafuta. Safari zetu hazikuwahi kumgusa dada huyo. Nilidhani amemsahau.

"Kumbukumbu yake," alisema. "Yote. Linaipokea?"

Nikasema linanyoosha mkono.

Alichukua raba akafuta polepole, mstari wa chini kwanza, jina la mwisho. Karatasi ilibaki na doa la kijivu na alama za kalamu ambazo bado ungeweza kuzisoma ukiinamisha kwenye mwanga. Akapuliza vumbi la raba, akaigeuza karatasi mbele.

"Nimelipa," alisema.

Mwizi aliyekuwa anafuata hakuwa ameshika dadu. Alikuwa ameigeuza karatasi yake naye, anasoma nyuma.